Orodha ya Asubuhi

Uvinza, saa moja kasoro, jua halijayafikia majaruba ya chumvi,
tulisimama mbele ya ghala, watu arobaini na wawili,
na Bwana Kajoro akamkabidhi Hezroni daftari la mahudhurio.
"Soma wewe, redio ya taifa."
Karani alikuwepo.
Amekaa, kalamu sikioni, anasubiri kucheka.

Hezroni ana kigugumizi. Kuna herufi humtoka kama maji,
kuna zinazomkaba. B ilikuwa mbaya kuliko zote,
nami ndimi Bitaliho.

B— b— b—
Kajoro anatazama saa. "Treni ya Kigoma itatukuta hapa!"
Nasi tunacheka.
Mwanzoni nilichelewa kucheka, kama mgeni kwenye ngoma asiyoijua.
Mwezi wa pili, mwanzishaji nikawa mimi.

Hili niliseme polepole:
hakuna aliyenituma.
Kajoro hakuwahi kutamka, ficheni glovu zake.
Nilizificha mwenyewe, Jumanne, nyuma ya pipa la dizeli,
nikamtazama akipakia mikono mitupu,
chumvi ikiingia kwenye nyufa za vidole.
Hakushtaki. Angeshtaki kwa herufi zipi?

Na mizani nayo ilijifunza.
Bosi aliwapunja vibarua saa moja kila siku, akaiita marekebisho;
sisi tukapunja viroba, nusu kilo hapa, robo pale,
tukaiita akili.
Jogoo wa mtaa akiwika saa nane usiku,
kuna watakaoamka gizani wakaanza kuwasha moto,
na ukiwauliza, watakuapia kumekucha.

Juni akaja Dafroza Gwimo kutoka Kasulu,
mwembamba, raba miguuni, begi moja.
Tukasema huyu hamalizi msimu.

Asubuhi ya kwanza karani, kwa mazoea, akamsukumia Hezroni daftari.
Mama Gwimo akauliza: "Unataka kusoma?"
Miaka mitatu, na hilo swali
hakuna aliyekuwa amelifikiria.
Hezroni akatazama vidole vyake.
"Nd— ndiyo."

Akasoma. Akanifikia.
Kicheko kilishatujaa midomoni kama mate.
Mama yule hakutazama saa.
Hakummalizia neno.
Hakutuhubiria.
Alisimama tu, kama mtu anayengoja chenji yake halali.

Nikacheka. Peke yangu.
Umewahi kusikia kicheko cha mtu mmoja?
Ni sufuria tupu inayoanguka msibani.
"Kaka," akasema, wala hakupandisha sauti, "tuambie nasi tucheke."
Nikatafuta mdomoni mwangu.
Hapakuwa na kitu.

Sisemi kwamba chumvi iligeuka sukari.
Karani aliomba uhamisho. Wawili bado hunong'ona chooni.
Ila Agosti mahesabu ya vibarua yalikosewa,
na mama akasimama palepale penye daftari:
"Kosa ni langu. Mtalipwa Ijumaa."
Ijumaa ikafika, pesa ikafika.
Nikawa sijui niiweke wapi ile Ijumaa.
Jioni ile Skola, mshona viroba, alirudisha kiroba kimoja mizanini,
akaongeza kilichopungua,
akaendelea kushona. Hakutazama nani anaona.

Glovu nilizirudisha, zinanuka dizeli, nikaziacha juu ya kiti chake.
Samahani sijaisema.
Naifanyia mazoezi nikitembea relini, na kila nikifika kwenye S
nagundua ulimi wangu nao ni mzito.
Hali chakula na sisi. Sina haki ya kumdai hilo.

Leo asubuhi amesoma tena, maana anapenda, amekwishasema.
Amefika kwangu. Amesimama mlangoni mwa B,
watu arobaini kimya, mvuke wa chai ukipanda,
mbali huko filimbi ya treni.
Ipite.
Jina langu limo kinywani mwake,
nami sina haraka.